Bwana Afya wa Vyoo Vyetu

Kila mtu mzima wa hapa Kigongo amewahi kugongewa mlango wa choo na Bwana Afya. Wengine walikuwa ndani. Yeye hakujali. Alisimama nje, mikono nyuma, akitazama ziwa kana kwamba amekuja kwa ajili ya ziwa, na ukitoka alikusalimu kwa adabu zote, akaulizia watoto, halafu akaingia kuangalia kama shimo lina mfuniko.

Naandika habari zake nikiwa nimekaa, na akijua atanicheka. Mimi safari yangu ndefu ya siku ni kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, na hapo katikati napumzika jikoni. Nilimaliza kidato cha nne, nikashika cherehani ya marehemu mama, nikakaa barazani kushona sare za shule, na mpaka leo nimekaa. Sokoni naagiza. Kanisani nakwenda Krismasi na Pasaka, na Pasaka ikiwa na mvua nasali nyumbani. Ndiyo maana Bwana Afya aliniita mwali, kama msichana aliyewekwa ndani akingoja kutolewa, ingawa nilikuwa nimeshapata wajukuu wawili.

"Mwali, bado hawajakutoa?" aliniuliza kila Jumanne.

"Bado, mzee. Wanasubiri nipendeze."

"Basi tutangoja sana."

Kazini mwake ofisi ilimuaga kwa soda na godoro. Wakaleta kijana mwenye pikipiki, anayekagua vyoo kwa kuitisha mikutano. Sisi tulidhani tumepona. Jumatatu ya kwanza ya ustaafu wake, saa mbili kamili, Bwana Afya alipita na shati lake la kaki, kalamu mfukoni, kijiti mkononi cha kuinulia mifuniko.

"Wewe si umestaafu?" nilimuuliza.

"Nimestaafu mshahara," akasema. "Vyoo havijastaafu."

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza kichanja cha vyombo, kama kipo na kama sufuria zimegeuzwa. Kisha kile kidumu cha kunawia chenye kamba ya kukanyaga kwa mguu, ambacho yeye alikiita kibuyu chirizi hata kilipokuwa galoni la mafuta ya kula. Kisha choo chenyewe. Akimaliza ndipo anakubali kiti. Ukimpa maji anauliza, "Yamechemka?" Ukisema ndiyo anauliza, "Lini?" Mimi nilimdanganya mara moja tu. Aliyanusa, akayamwagia ua langu la waridi, akasema, "Hili halina tumbo." Halafu akakaa saa nzima akinieleza nani kajifungua, nani kavunjika mguu, nani amerudi kutoka Sengerema na ndoa imemshinda.

Umbea aliuchukia, alisema mwenyewe. "Mimi sisemi habari za watu. Ila yule binti wa kule juu amepata mtoto wa kiume, mzito, na anafanana na mtu ambaye sitamtaja. Na sijasema kitu."

Hakuwa mtu wa neno moja. Alitukataza kukanyaga maji ya ziwa, kwa sababu ya kichocho, mpaka watoto wetu wakawa wanaota konokono. Lakini jioni ungemkuta kwenye mawe ya ufukweni, suruali imekunjwa, miguu majini hadi magotini. Ukimwuliza, alisema anawahesabu konokono. Aliwahi kumfungia mtu hoteli nzima kwa sababu ya inzi watatu, lakini pale kivukoni alikula michembe, vile viazi vitamu vikavu, ya mama mmoja muuza dagaa, na inzi wamejaa mezani kama wageni wa harusi. Nilipomwambia, akajibu bila aibu: "Wale inzi nawafahamu. Ni wa pale pale."

Ilinichukua miaka kuelewa choo kilikuwa cha nini. Mke wake alipofariki, zile ziara zikaongezeka. Nyumba aliyokuwa akiikagua mara moja kwa mwezi akaanza kuipitia kila wiki. Mtu wa heshima yake hawezi kugonga mlango wa jirani akasema, nimekuja kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kuzungumza naye. Ni lazima awe na shughuli. Kwa hiyo aliinua mfuniko, akatazama shimo, akatikisa kichwa, na baada ya hapo alikuwa na haki ya kukaa.

Kutembea ndiyo dawa yake, alisema. Kutwa alikuwa njiani. "Mguu usiotumika husahau nyumba za watu," alipenda kusema, akiniangalia mimi. "Na wewe mwali, ukifa humo ndani tutajua kwa sababu sare za shule zimechelewa."

"Mtakuja kunizika lakini."

"Tutakuja. Ila tutauliza, hivi huyu alikuwa anakaa hapa?"

Tukacheka. Wakati ule kilikuwa kichekesho.

Mahali alipopapenda kuliko pote ni kivukoni. Tulipokuwa na kivuko, watu walisubiri. Malori, mabasi, kina mama na matenga yao, wagonjwa wanaopelekwa ng'ambo, wote walikaa pale wakingoja lile dude la chuma litoke Busisi, na mtu anayengoja huongea. Bwana Afya alipita katikati yao kama mwenye nyumba, akisalimia Wasukuma kwa "mwangaluka", na wengine kwa chochote alichobahatika kukijua cha kwao. Alikuwa na marafiki wa Geita ambao hakujua wanakaa wapi. Aliwajua kwa kivuko tu: huyu wa Alhamisi, yule wa mbuzi.

Kisha daraja likaisha. Mimi nililishangilia. Sina hata mtu wa kwenda kumwona ng'ambo, lakini nililishangilia kwa nguvu zote, nikiwa barazani. Na daraja ni zuri, sitasema uongo. Ila vibanda vya pale chini vikafungwa kimoja kimoja, wenye vibanda wakahamia mjini, nyumba zao zikachukuliwa na wapangaji tusiowajua. Akabaki yule mama wa dagaa, maana alisema hana nguvu ya kuanza kujuana na watu upya.

Bwana Afya aliendelea kwenda kivukoni kila asubuhi. Nilimuuliza kuna nini huko sasa.

"Kuna maji," akasema. "Na magari yanapita juu. Nawapungia mkono."

"Wanakuona?"

"Wana haraka. Zamani mtu akichelewa kivuko, alinijua hadi jina la marehemu mama yangu. Sasa wanapita kama maji kwenye bomba."

Siku hiyo hakuinua mfuniko wa choo changu. Ningepaswa kuliona hilo.

Macho yalianza taratibu. Hospitali walisema ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone, macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi. Mimi nilijua siku aliyoingia uani kwangu akasimama mbele ya kamba ya nguo. Nilikuwa nimetundika sare moja niliyotoka kuipiga pasi, shati na sketi kwenye kining'inizo kimoja. Akaiangalia kwa ukali.

"Wewe binti," akasema, "saa hizi uko nyumbani? Shule je?"

Nikacheka hadi sindano ikanidondoka. Naye akacheka, akasema alikuwa ananitania. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukuta, na haukuachia.

Ndipo akaniomba. Ni mara moja tu maishani aliniomba kitu, nami nakumbuka alivyokaa, pembeni kabisa ya kiti.

"Mwali, tembea na mimi. Nusu saa tu asubuhi. Wewe utakuwa macho, mimi nitakuwa miguu."

"Kesho, mzee," nikasema.

Kesho nikawa na kola za darasa la kwanza. Keshokutwa nikawa na goti. Goti langu lina akili sana, huuma likisikia neno kutembea. Akapita tena siku ya tatu, akasimama nje bila kuingia. "Leo je?" Nikamwambia nina sare ishirini za kumaliza, wazazi wananisubiri. Sare zilikuwa sita.

"Haya," akasema. "Wacha nikawaone wa kule chini."

Kule chini kulikuwa na nyumba ya nahodha mmoja wa kivuko, rafiki yake wa siku nyingi. Nahodha alishahama. Bwana Afya aliambiwa, nadhani, lakini miguu yake haikuambiwa. Akafuata njia ileile, akapita uwazi uleule wa ua wa michongoma, akaelekea ulipo mlango wa choo ili agonge, asimame nje kama kawaida yake. Wapangaji wapya walikuwa wameung'oa mlango, pale wakapafanya bafu, wakaweka pazia. Mkono wake ulipotafuta ubao wa kugonga ukakuta kitambaa, akakivuta. Ndani kulikuwa na mke wa mtu anaoga.

Yule mama alipiga kelele, na nani angemlaumu? Watu wakatoka. Wakamwona mzee asiyefahamika, macho mekundu, kijiti mkononi, ameshika pazia la bafu. Kwetu huku, mzee mwenye macho mekundu akikutwa pasipo pake, kuna neno moja hutangulia kumjia mtu mdomoni. Likasemwa: mchawi. Likishasemwa hakuna tena anayeuliza habari.

Mama wa dagaa ndiye aliyenisimulia. Anasema alifika akakuta jiwe moja limeshampata sikioni, na yeye amekaa chini akieleza kwa sauti ya kikazi kabisa kwamba choo kisicho na mlango ni hatari kwa afya. Mama wa dagaa akajitupa juu yake na ungo wake.

"Huyu ni Bwana Afya! Mnamuua Bwana Afya!"

Na kijana mmoja, ameshika tofali, akauliza, wala si kwa ubaya, aliuliza tu: "Bwana Afya ndiyo nani?"

Mama wa dagaa anasema Bwana Afya alipoisikia hiyo, akanyamaza. Kwa mawe hakunyamaza.

Mimi zile kelele nilizisikia. Nilidhani ni mpira. Nikamaliza kola.

Binti wa Bwana Afya ni mwalimu wa shule ya msingi, na sisi tunamwita Mwalimu tu. Alifika usiku uleule, akaomba uhamisho, akabaki na baba yake, na jambo la kwanza alilofanya ni kuzungushia nyumba ukuta wa tofali na kuweka geti la bati zito. Asubuhi akienda kazini analifunga kwa kufuli upande wa nje. Chakula anamwachia mezani, maji yaliyochemka kwenye chupa, redio imewashwa. Mtu asije akasema hamjali.

Wiki tatu nilikaa na uzito huo. Kisha nikafanya jambo ambalo majirani bado wanalisimulia: nikatoka. Nikamfuata Mwalimu kwake jioni, nikamwambia baba yake ananyauka mle ndani, amwachie atembee kidogo, mimi nitakuwa naye.

"Wewe?" Mwalimu akasema. Hakusema kwa dharau, alishangaa kweli. "Dada, wewe chumvi unaagiziwa."

"Nitakwenda."

"Walikuwa na mawe, dada. Nilimwosha damu sikioni mimi mwenyewe. Nina darasa la watoto mia moja na kumi, nikisimama ubaoni nasikia kelele zozote nje, moyo unanitoka. Leo yuko ndani, analalamika, ana hasira na mimi, hasemi na mimi. Lakini yupo. Wewe ungekuwa mimi ungemfungulia?"

Macho yakamjaa machozi, akatazama pembeni, akasema, "Jumapili. Baada ya ibada. Saa moja tu, na usimwachie mkono."

Tukatembea Jumapili. Aliyechoka ni mimi. Tulipofika kona ya kwanza nilikuwa nahema kama mbuzi wa mnadani, na yeye ananivuta. Alikuwa amevaa shati la kaki. Akawa ananiuliza, nyumba kwa nyumba, nani yuko nje.

Hakukuwa na mtu nje. Milango imefungwa, wengine wamehama, wengine wapo ndani na simu zao. Kwenye kibaraza kimoja kijana alitutazama, akamtazama Bwana Afya machoni, akaingia ndani akavuta mlango. Nikasema, "Mama yule wa vitumbua anakupungia mkono." Akainua mkono wake akapunga. Nyumba ya mbele nikasema, "Hawa nao." Akapunga. Sijui uongo ulinizoea lini, maana hadi tunafika kivukoni nilikuwa nimemjazia mji mzima watu.

Pale kivukoni akasimama juu ya zege tupu la gati.

"Mwali," akasema, "mimi nimekagua nyumba maisha yangu yote. Nyumba yenye mtu inanuka kitu. Sabuni, mboga, moshi, hata mavi. Zile nyumba zako hazikunuka chochote."

Nikatazama kandambili zangu.

"Usiache lakini," akasema. "Uendelee hivyo hivyo kunitajia."

Tulikwenda Jumapili tatu. Ya nne ilinyesha. Ya tano nikawa na kichwa. Ya sita sikuwa na sababu yoyote, nilikaa tu barazani nikingoja saa ipite, nikasikia kwa mbali kijiti chake kinagonga bati la geti, mara moja, mara moja, kama mtu anayepima kitu. Kikagonga hadi saa iliyopangwa ikaisha. Ya saba hakikugonga.

Naweza kuandika kwamba nilimwogopea mawe. Mwalimu nilimwambia hivyo, akaniamini, akanishukuru hata. Ukweli ni kwamba nilichoka, na kiti changu kina mto mzuri.

Mwezi uliopita yule anayeniletea vifungo aliumwa, ikabidi niende mwenyewe dukani. Njia ya dukani inapita getini kwa Bwana Afya. Nilipokaribia nikatembea kwa kunyata, mtu mzima mwenye wajukuu, kama mwizi wa kuku. Nilikuwa nimekaribia kulimaliza geti.

"Shikamoo," sauti ikatoka nyuma ya bati.

Nikageuka kutafuta ni mzee gani anayeamkiwa. Njia ilikuwa nyeupe.

"Shikamoo," ikarudia.

"Bwana Afya," nikasema, "ni mimi."

"Najua ni wewe. Unanyata lakini kandambili zako zinakusema. Shikamoo."

"Mzee, unanitakia laana. Mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Shikamoo, baba."

"Hiyo sijaiomba." Alikuwa karibu sana na geti, nilisikia pumzi yake. "Nikisema hamjambo, wanapita. Nikisema habari za leo, wanasema nzuri huku wanakwenda, hiyo nzuri yenyewe naisikia imeshafika kwa jirani. Lakini mtu akipewa shikamoo na mzee lazima asimame. Anashtuka. Anataka kujua kuna nini. Jana mtoto wa darasa la pili kasimama hapa, akalia."

"Na Mwalimu anajua?"

"Mwalimu yuko shuleni anafundisha adabu."

"Mzee, acha. Watu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme wakiwa wamesimama."

Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Kati ya geti na nguzo kuna nafasi ndogo, vidole vyake vinne vikatokea hapo, vikashika ukingo wa bati. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri, safi. Kufuli lilikuwa upande wangu, ufunguo uko mkobani mwa Mwalimu, darasani.

"Mwali," akasema, na safari hii hakukuwa na utani hata kidogo. "Itikia. Nakuomba. Tangu asubuhi hakuna aliyeitikia."

Nikatazama huku na huku kama kuna anayenisikia. Nilifundishwa kwamba ukimwitikia shikamoo aliyekuzidi umri unamkata miaka yake na ya kwako. Nikaweka kapu chini.

"Marahaba," nikasema. Ilitoka ndogo, nikairudia. "Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo," akajibu Bwana Afya, na ndani ya geti nikasikia anaburuta kigoda kuja karibu.